Mafuta ya Kunyamazisha Mguu

Kibondo, Jumapili, 11 Oktoba 1998

Mvua ya kwanza imekuja alfajiri, na kanisani mguu umelia.

Umelia wakati napeleka kapu la sadaka mbele. Kwaya ilikuwa imemaliza, padri amekaa, watu wote kimya, na mimi katikati ya kanisa: kwii, kwaa, kwii, kwaa, mpaka altareni. Wasichana wa kwaya wakainamisha vichwa, mabega yakawa yanatikisika. Kurudi nilipitia ukutani, kama mtu aliyechelewa.

Si mbao inayolia. Chini ya goti nina mguu wa mbao, na kutoka hapo vyuma viwili vinapanda, kimoja kila upande, hadi kwenye ngozi nene inayozunguka paja na kufungwa kwa kamba kama kiatu. Ngozi hiyo ndiyo inayonibeba. Ikikauka inasuguana na vyuma na kupiga kelele. Tangu lori la maharage litupindue kule Nyabibuye nimezoea kuchechemea. Kelele sijaizoea.

Maximilla, mke wangu, alikuwa upande wa akina mama. Nilimtazama. Macho yake yalikuwa kwenye kitabu cha nyimbo. Najua aliona aibu.

Jumanne, 13 Oktoba

Ujumbe umetoka Kasulu. Mzee Nkunzimana na watu wake watakuja Jumamosi ya mwisho ya Novemba kumposa Winnie wetu. Kijana wao, Ininahazwe, anafundisha shule huko, na Winnie akisikia jina lake anaokota kitu chochote sakafuni ili asionekane uso.

Maximilla amepiga vigelegele peke yake jikoni. Mimi nimefurahi pia. Kisha nikajiona nasimama mbele ya wakwe, na mguu unasalimia kabla yangu.

Hawatausikia. Nimeamua.

Jumatano, 14 Oktoba

Nimeanza na dawa ya viatu, nyeusi. Nimesugua ngozi yote, nje na ndani. Inang'aa vizuri. Kelele iko palepale.

Alhamisi, 15 Oktoba

Dawa imehamia kwenye paja na kwenye suruali ya kijivu. Mimi ni fundi cherehani, najua doa linalotoka na lisilotoka. Hili halitoki.

Jumapili, 18 Oktoba

Sikwenda kanisani. Nimesema kigutu kinauma. Hakiumi.

Jumanne, 20 Oktoba

Mawese. Niliyapasha moto kidogo nikapaka kwa kitambaa. Mpaka saa nne mguu ulikuwa kimya, nikatembea sokoni kifua mbele kama mtu mwenye shamba kubwa. Saa sita jua likatoka kati ya mawingu, mawese yakayeyuka, wekundu ukapita kwenye suruali. Mama mmoja muuza mihogo akapiga kelele, "Yoo, fundi, unatoka damu!" Watu wakanizunguka. Ilibidi niseme ni mafuta. Wakacheka kwa sababu walikuwa wameshaogopa, lakini mimi sikuweza kucheka nao.

Nyumbani Maximilla aliipokea suruali, akauliza tu, "Nikupashie maji?" Nikamwambia aniache.

Ijumaa, 23 Oktoba

Siafu wameingia kwenye ngozi. Sitaandika zaidi.

Alhamisi, 29 Oktoba

Mfugaji mmoja ameniuzia samli. Bibi zetu walikuwa wanapaka samli kwenye ngozi za kubebea watoto, na zile ngozi zilidumu. Nimepaka.

Jumatatu, 2 Novemba

Mvua bila kupumzika. Samli imechacha. Mbwa wa jirani amenifuata kutoka nyumbani mpaka dukani, pua kwenye paja langu. Nilimfukuza kwa gongo, akarudi. Nilipokaa kwenye cherehani akalala chini ya meza na kuanza kulamba. Wateja wawili waliona.

Jioni nikakuta ukungu mweupe ndani ya ngozi, upande unaogusa mwili. Nimeufuta kwa kitambaa na sabuni.

Alhamisi, 5 Novemba

Nashonea barazani kwa Nurudini, kwenye duka lake. Yeye ana ndugu pwani na vitu vyake vingi vinatoka huko. Leo ameniita ndani.

"Fundi, nimekuonea huruma na yule mbwa," alisema. "Tazama hii."

Ni kopo la bati, mafuta mazito meupe kama maziwa yaliyoganda, yenye harufu ya maua. Ni ya kulainisha ngozi za makochi na viti vya magari. Nurudini alipaka kidogo kwenye mkoba wake mkongwe. Mkoba ukalegea mikononi mwake kama kitambaa kilicholowa.

"Kidogo tu," alisema. "Ni dawa kali hiyo."

Ijumaa, 6 Novemba

Kimya. Kimya kabisa! Nimetembea mpaka kwa fundi baiskeli na kurudi, hata mimi mwenyewe sikujisikia.

Jumapili, 8 Novemba

Nimepeleka sadaka. Hakuna aliyecheka.

Jumatano, 11 Novemba

Napaka kila asubuhi, nje na ndani. Ngozi ilikuwa ngumu kama ubao, sasa inakunjika. Paja halichubuki tena. Sijui kwa nini niliteseka muda wote huu.

Jumatano, 18 Novemba

Kamba zimefika mwisho. Zamani nikizivuta, kati ya mdomo mmoja wa ngozi na mwingine kulikuwa na nafasi ya vidole viwili. Sasa midomo inagusana na bado paja linacheza ndani. Nimezungushia kipande cha blanketi.

Ijumaa, 20 Novemba

Maximilla ameniona nafunga blanketi. Akasimama mlangoni.

"Baba Winnie, hiyo ngozi imelegea."

"Imelainika."

"Inakubeba wewe. Ya kochi inakaliwa tu. Punguza hayo mafuta, au uende Kasulu kwa waliokutengenezea."

"Unataka ianze kulia tena mbele ya wageni?"

"Ilie. Wageni wanakuja kumchukua Winnie, hawakuchukui wewe."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Kwamba yeye ana miguu miwili na hajui kitu. Hayo ndiyo yalikuwa madogo.

Jumamosi, 28 Novemba

Niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Walifika saa saba, wamelowa, lori lao lilikwama mara mbili njiani. Mzee Nkunzimana ni mtu mrefu, anaongea polepole. Dada yake, Esteri, ndiye mwenye maneno. Anafua na kusafisha kwenye nyumba ya wageni ya wamisionari. Kijana alikaa nyuma yao, mikono magotini. Sisi tulikuwa tumeazima viti kwa Nurudini. Maximilla alipika tangu mapambazuko: mchele, kuku, maharage ya nazi aliyofundishwa na Mwanaamina, mke wa Nurudini.

Asubuhi nilikuwa nimepaka mafuta mara mbili.

Wakasema maneno yao, vizuri sana. Ikafika zamu yangu kujibu. Baba wa binti hajibu amekaa. Nikashika chupa ya soda nimpe mzee kwa mkono wangu, nikasimama, nikapiga hatua moja.

Ngozi ikageuka. Niliisikia inateleza kwenye paja kama soksi, vyuma vikazunguka nayo, na mguu wa mbao ukakaa pembeni. Nikaenda na meza. Chupa zote zikaenda. Nilianguka kifudifudi miguuni kwa mzee Nkunzimana, soda ikimwagika kwenye koti lake, na nilipogeuza kichwa nikaona kiatu changu cha kulia kimeangalia nyuma, kisigino mbele, mbele ya watu wote.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Yule kijana aliinama kuninyanyua, nikamsukuma.

Maximilla alikuwa amefika mlangoni na sinia la chakula. Nikamnyooshea kidole nikiwa bado sakafuni.

"Ni huyu! Nilimkataza asipake mafuta yake ya kupikia kwenye mguu wangu! Nilimkataza! Hasikii!"

Nilisema kwa sauti kubwa, mpaka majirani walisikia.

Maximilla alinitazama. Sinia halikutikisika. Kisha akawageukia wageni, akapiga goti kidogo.

"Nisameheni, wageni wetu. Ni mimi. Nilidhani namsaidia."

Akaweka chakula, akachukua kitambaa, akaanza kufuta soda kwenye koti la mzee. Winnie alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Niliona vidole vyake tu, vimelishika.

Wakala kidogo. Wakasema watatuma neno.

Jumapili, 29 Novemba

Mvua. Sijatoka.

Jumatano, 2 Desemba

Kigutu kimechubuka kweli sasa. Natembea kwa gongo, mguu nimeusimamisha pembeni ya kabati. Ngozi yake imekaa imejikunja yenyewe, kama sikio la mbwa.

Maximilla ananipa chakula, ananipashia maji, anasema "Baba Winnie, karibu." Hakuna kingine. Nilitegemea anigombeze, na majibu nilikuwa nimeshayaandaa.

Jumapili, 6 Desemba

Winnie ameniletea chai. Akaiweka chini akabaki amesimama.

"Baba, mama hajawahi kuushika mguu wako. Hata siku moja. Hujawahi kumruhusu."

"Nenda kamsaidie mama yako."

"Ndiyo namsaidia," akasema, akaondoka.

Alhamisi, 10 Desemba

Neno halijatoka Kasulu.

Jumatatu, 14 Desemba

Nimerudi kwenye cherehani. Mji wote unajua, lakini unajua ule uongo. Mteja ameniambia, "Pole fundi, nasikia mama alitaka kukukaanga." Nikacheka naye. Nilicheka!

Mchana Mwanaamina amenijia barazani. Yeye huwa hakai na wanaume kuongea, leo alisimama kando ya meza kama mtu anayeulizia kitambaa.

"Fundi, jana tulikuwa sokoni na mkeo. Wale wauza dagaa wanamwita Mama Mafuta. Wanamuuliza leo kapika mguu gani. Yeye kacheka nao. Miye namjua Maximilla, si kicheko chake kile."

Nikaendelea kushona. Nurudini alikuwa ndani, anapanga makopo. Anajua nani alinunua lile kopo. Aliendelea kupanga, mgongo kwangu.

Ijumaa, 25 Desemba

Krismasi. Maximilla alikaa benchi la nyuma kabisa kanisani, yeye ambaye siku zote hukaa la pili. Siku ile mguu ulipolia niliandika kwamba aliona aibu. Leo nimeona uso wake akiwa na aibu kweli, na sijawahi kuuona hivyo kabla. Ile ya Oktoba niliitunga mwenyewe.

Jumamosi, 2 Januari 1999

Maximilla ameondoka kwenda Kagerankanda kwa dada yake kuvuna maharage. Huenda kila mwaka, na kila mwaka husema siku ya kurudi. Leo hakusema. Sikuuliza.

Jumatatu, 4 Januari

Winnie anapika. Hatuongei.

Jumatano, 6 Januari, Kasulu

Nimekuja kwa basi, gongo mkononi, mguu ndani ya gunia. Barabara ni tope tupu, tulishuka kusukuma. Yaani wao walisukuma, mimi nilisimama chini ya mti na akina mama wenye watoto.

Kwenye karakana fundi aliinusa ngozi, akaibonyeza kwa kidole gumba. Shimo likabaki.

"Umeipa nini?"

Nikamtajia vyote, dawa ya viatu, mawese, samli, kopo. Alicheka mpaka akakaa. Kisha akasema na yeye alipoanza kazi aliharibu mbili kwa mafuta ya alizeti, mmoja wa wenye miguu hiyo akamrushia mguu wenyewe.

Atanikatia ngozi mpya. Alinionyesha ya kwake ya mfano: ngumu, kavu, nje ina mng'ao mdogo. Akasema ikilowa niikaushe kivulini, si karibu na moto. Jasho nilifute kwa kitambaa chenye sabuni kidogo. Nta iliyochanganywa na mafuta kidogo nipake upande wa nje tu, nyembamba, mvua ikishaipiga. Ndani nisipake kitu. Pale inaposuguana na chuma nisugue nta tupu.

"Haitalia?" nikauliza.

"Italia kidogo. Ikinyamaza kabisa ujue imekufa."

Alhamisi, 7 Januari, Kasulu

Wakati nangoja ngozi nimekwenda kwa mzee Nkunzimana. Nilijiambia naenda kuulizia neno lao. Walinikaribisha vizuri. Esteri akaleta uji.

"Kunywa, shemeji," alisema. "Hauna mafuta. Mwambie na mama huko nyumbani, siku tukija tena asitukaange na sisi."

Wote wakacheka, isipokuwa mzee. Yeye alikuwa ananitazama.

Mlango ulikuwa wazi. Nilihitaji maneno matatu tu. Nikanywa uji.

Ijumaa, 8 Januari, Kasulu

Nimerudi kwao asubuhi. Mzee alikuwa anapalilia migomba nyuma ya nyumba, Esteri anaanika nguo. Sikutaka kukaribishwa ndani nikaanza kusalimia upya. Nilisema nikiwa nimesimama pale pale, gongo linazama kwenye tope.

"Mzee, siku ile nilidanganya. Mke wangu hakuugusa mguu. Ni mimi nilipaka. Yeye alinikataza, na mimi nikamsingizia mbele yenu."

Mzee aliendelea na jembe mara mbili, tatu. Esteri ndiye aliyejibu.

"Tulijua."

"Mlijua?"

"Mimi nafuta makochi ya wamisionari kila Jumamosi kwa mafuta yale yale, shemeji. Ulipoanguka chumba kizima kilinuka kochi. Mafuta ya kupikia yananuka maua?"

Nilitamani tope linimeze mpaka shingoni.

Mzee akasimamisha jembe. "Mguu ungeniangukia kichwani nisingejali," alisema. "Nilirudi nyumbani nawaza. Kijana wangu anakwenda kuoa kwenye nyumba ambayo baba akianguka anamwangusha mama. Nikasema ningoje."

"Na sasa, mzee?"

"Sasa umesema. Kwetu utapata neno. Lakini aliyesingiziwa si mimi." Akainama tena kwenye migomba.

Jumapili, 10 Januari, Kagerankanda

Ngozi mpya inabana na kuchoma, fundi alisema itazoea. Nilipanda lori la maharage. Ndiyo, lori la maharage. Nilishika chuma cha ubavuni njia nzima, macho nimefumba. Kutoka barabarani nimetembea, na kila hatua ilisikika mpaka kwa watu walio shambani. Nao waliinua vichwa.

Maximilla alikuwa uani na dada yake, wanapiga maharage kwa fimbo. Aliponiona aliendelea mpaka akamaliza fungu lile. Dada yake akaingia ndani bila kunisalimia.

Nilianza haraka, kama mtu aliyeleta zawadi. "Mama Winnie, nimetoka Kasulu. Nimewaambia ukweli. Mzee na Esteri. Wanajua ni mimi, jina lako ni safi."

Alikaa juu ya gunia.

"Umewaambia wao," akasema.

"Ego, ndiyo. Wote wawili."

"Kwanza."

Sikuelewa.

"Wiki tano nilikupa chakula, Leonidasi. Wiki tano ulikula. Hujawahi kuniambia mimi neno hata moja. Umekwenda Kasulu, umewaambia watu niliowapigia goti kwamba nilikuwa nawadanganya. Sasa wanajua wewe ni mwongo na mimi ni mwongo. Hukuniuliza kama nataka."

"Nilitaka kukusafisha."

"Ulitaka ujisikie vizuri."

Miaka yote ameniita Baba Winnie. Jina langu, tangu tuoane, nimelisikia kinywani mwake labda mara mbili.

Basi nikajaribu. Nilisema nisamehe, nikasema nimekosa, nikasema juu ya wauza dagaa, kwamba nilisikia nikanyamaza, na juu ya yule mteja niliyecheka naye. Hilo alikuwa halijui. Niliona lilivyomwingia. Lakini kama ningelificha, lingebaki limefichika kati yetu, na nikafikiri bora alipate lote pamoja. Nikasema na yale maneno niliyomtupia siku ya blanketi, moja moja, yale ambayo hata humu sikuyaandika. Sauti yangu ilikuwa mbaya. Kuku walikuwa wanapita kati yetu wanadonoa maharage yaliyoruka, na hakuna kati yetu aliyewafukuza.

Nilipomaliza akasema, "Nimesikia."

"Utarudi?"

"Maharage hayajaisha."

Nikachukua fimbo ya dada yake. Siwezi kupiga maharage nimesimama muda mrefu, kwa hiyo nilikaa chini na mguu umenyooka, nikapiga nikiwa nimekaa. Hakunizuia wala hakunishukuru. Tulipiga mpaka wingu likaja, tukafunika kwa turubai, yeye upande wake, mimi wangu.

Dada yake ameniwekea mkeka chumba cha mahindi.

Jumatatu, 11 Januari

Asubuhi Maximilla alinisindikiza mpaka njia panda. Nusu ya njia mguu tu ndio ulikuwa unaongea.

"Usije kunifuata tena," alisema. "Nikija nitakuja mwenyewe."

"Nimwambie nini Winnie?"

"Mwambie ulichofanya. Usimwambie nilichosema."

Ijumaa, 15 Januari, Kibondo

Nimemwambia Winnie. Alilia, kisha akaniuliza kama nimekula.

Jumanne, 19 Januari

Leo sokoni nimepita kwa wauza dagaa. Nilisimama mbele ya meza zao nikawaambia Mama Mafuta ni mimi, waniite mimi. Mmoja akacheka. Mwingine, mama mtu mzima, aliacha kupima akaniambia, "Toka hapa, fundi, unatutia haya." Nimetoka.

Sijui kama hili pia nilipaswa kumuuliza Maximilla kwanza.

Alhamisi, 28 Januari

Neno limetoka Kasulu. Wanamtaka Winnie, baada ya Pasaka. Mzee ameagiza kwamba jibu atalipokea kwa mama.

Ijumaa, 29 Januari

Mvua. Ngozi ililowa, nimeianika kivulini.

Jumamosi, 6 Februari

Maximilla amekuja. Alishuka kwenye lori na magunia mawili, akasema nisibebe peke yangu, nishike upande mmoja.